Chipu Mpya, Programu ya Zamani

Msikilizaji, nianze na baiti tatu: 1E, 95, 0F. Zimeandikwa kwa heksadesimali, na zimo ndani ya kila chipu ya ATmega328P, ile iliyo kwenye bodi ya Arduino Uno ambayo wanafunzi wengi wa elektroniki wameanzia kazi nayo. Baiti ya kwanza inamtaja mtengenezaji, Atmel. Ya pili inaeleza ukubwa wa kumbukumbu ya flashi: 93 ni kilobaiti 8, 94 ni 16, 95 ni 32, inaendelea hivyo kwa kuzidishwa mara mbili. Ya tatu inaitenga chipu hiyo na ndugu zake wa ukubwa uleule. Mafundi huziita saini. Kabla programu ya kuflashi haijaandika chochote ndani ya chipu, husoma kwanza saini hiyo, ikailinganisha na ile uliyoiambia kwamba unayo mezani, na zisipolingana inakataa kuendelea.

Kukataa huko ndiyo habari yangu ya leo. Viwanda vinatoa chipu mpya kila mwaka, na programu huria tunazotumia kuziflashi hazizijui mpaka mtu akae chini azifundishe. Mara nyingi mtu huyo halipwi na yeyote. Ukimuuliza kijana wa chuo kazi hiyo ni ya namna gani atakwambia ni kuandika kodi. Kodi ipo, sikatai. Lakini nimefuatilia mambo haya kwa muda, na ninavyoona mimi sehemu kubwa ya kazi ni kusoma na kuthibitisha, na wa kuthibitisha ni yule tu mwenye chipu mkononi.

Kwa asiyekuwa fundi, niseme kidogo. Maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya chipu moja: kichakataji, kumbukumbu, na pini za kuzungumza na dunia ya nje. Imo kwenye mita yako ya LUKU, kwenye rimoti ya televisheni, kwenye kidhibiti chaji cha sola pale ukutani. Ikitoka kiwandani huwa tupu. Lazima mtu aiandikie programu, na kuiandikia kunahitaji kifaa kinachounganisha kompyuta na chipu, pamoja na programu ya kompyuta inayojua lugha ya chipu hiyo.

Mfano wangu ni AVRDUDE. Programu hii inahudumia chipu za AVR, ambazo chimbuko lake ni wanafunzi wawili wa Trondheim huko Norway, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, na ambazo Atmel iliziingiza sokoni miaka ya 1990. Aliyeiandika AVRDUDE ni Brian Dean, kwa matumizi yake mwenyewe, kwenye mfumo wa FreeBSD. Hapo mwanzo aliiita avrprog. Ilipotolewa hadharani kwa ajili ya watu wengi, mwaka 2003, jina likabadilishwa kwa kuwa Atmel ilikuwa na programu yake yenye jina hilohilo. Leseni yake ni GPL, kwa hiyo yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuisambaza.

Dean alifanya uamuzi mmoja ambao mpaka leo naona ndio ulioipa programu ile maisha marefu. Habari za kila chipu hakuzifungia ndani ya kodi. Aliziweka nje, kwenye faili la maandishi la kawaida linaloitwa avrdude.conf. Ukilifungua utakuta kila chipu ina kifungu chake: jina, saini, ukubwa wa flashi, ukubwa wa ukurasa mmoja wa flashi, muda wa kusubiri baada ya kuandika. Na katika vifungu vya chipu za zamani utakuta kitu kinachopendeza sana kukitazama: mstari wa moja na sifuri, 32 kwa jumla, umeandikwa biti baada ya biti. Huo ndio usemi halisi unaopita kwenye waya. Kwa mfano, agizo la kuifungua chipu ili ikubali kuandikiwa ni baiti AC, kisha 53, kisha baiti mbili ambazo thamani yake haijalishi, ndiyo maana zimewekewa herufi x kila biti. Chipu ikisikia vizuri, inairudisha ile 53 wakati baiti ya tatu inapita. Isiporudi, hamjaelewana: ama waya umelegea, ama chipu haina umeme, ama unazungumza haraka kupita uwezo wake.

Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi kuongeza chipu mpya kulikuwa ni kazi ya maandishi. Unachukua datashiti, yaani maelezo ya chipu kutoka kiwandani, unatafuta jedwali la maagizo ya kuandikia, unanakili kifungu cha chipu inayofanana, unabadilisha panapotofautiana. Fundi asiyejua hata mstari mmoja wa lugha ya C aliweza kuifanya jioni moja. Baadaye vikaja vifungu vya kurithi: unasema chipu hii mzazi wake ni ile, kisha unaandika tofauti tu. ATmega328 isiyo na P ni karibu sawasawa na ATmega328P, isipokuwa saini yake ni 1E, 95, 14. Yenye herufi PB ni 1E, 95, 16. Tofauti zao zinaingia katika mistari michache.

Na hapo ndipo njia za mkato zilipoanzia. Kuna watu wengi walionunua chipu ya akiba ya Arduino wakapata 328 isiyo na P. Programu ikakataa, kwa haki kabisa, kwa sababu saini haikulingana. Ushauri uliozagaa wakati ule ulikuwa huu: fungua faili la avrdude.conf, nenda kwenye kifungu cha 328P, futa 0F, andika 14. Kazi ikaenda. Ila sasa faili linadanganya. Siku utakapoweka 328P halisi itakataliwa, na wewe umeshasahau ulichokigusa. Mwingine hutumia swichi ya -F, ambayo inaiambia programu ipuuze saini na kuendelea. Programu yenyewe huitaja swichi hiyo katika ujumbe wa kukataa, ikikushauri kwanza uhakikishe chipu. Watu wanaruka ushauri wanachukua swichi.

Kwa flashi peke yake hasara si kubwa, utaandika tena. Shida iko kwenye fyuzi. Fyuzi ni baiti chache zilizo kando ya kumbukumbu ya kawaida, zinazoamua mambo ya msingi: chipu itatumia saa gani, itaanzia wapi ikiwashwa, pini ya kurisetia ifanye kazi gani. Katika chipu hizi za zamani biti ya fyuzi ikiwa 0 maana yake jambo limewashwa, ikiwa 1 limezimwa, kinyume na mtu anavyotarajia. Sasa chukua ATmega32. Fyuzi yake ya juu inapotoka kiwandani ni 99. Biti ya 6 ndani ya 99 ni sifuri, na kwa ATmega32 biti hiyo inawasha JTAG, mlango wa kuchunguzia chipu inapofanya kazi. Hakuna ubaya. Iandike 99 hiyohiyo kwenye ATmega328P ukidhani ni chipu zinazofanana. Biti ya 6 pale ni ya kitu kingine, debugWIRE, na debugWIRE ikishawaka pini ya kurisetia haitumiki tena kurisetia. Ukizima umeme na kuwasha, chipu haijibu kifaa chako cha kawaida. Kuikomboa kunahitaji ama kifaa kinachojua debugWIRE, ama kuipa volti 12 kwenye pini ileile na kuiandikia kwa njia ya nyaya nyingi, kazi ambayo wengi hawana vifaa vyake. Chipu nyingi zimetupwa kwenye pipa namna hiyo zikiwa nzima.

Kwa hiyo ukiongeza chipu kwenye orodha, unaahidi kwa niaba ya watu usiowajua kwamba biti ya 6 uliyoitaja ndiyo hasa biti ya 6.

Mwaka 2016 mambo mawili yalitokea. Microchip iliinunua Atmel. Na zikaanza kutoka chipu za AVR za kizazi kipya, kina ATtiny817 na wenzake, ambazo haziandikiwi kwa nyaya nne zilizotumika kwa chipu za zamani. Zina waya mmoja tu, ukiacha umeme na ardhi. Njia hiyo inaitwa UPDI. Baadaye ikaja ATmega4809, ile iliyowekwa kwenye Arduino Nano Every, kisha mwaka 2020 AVR za kundi la DA, zenye flashi ya hadi kilobaiti 128.

Hapa faili la maandishi halikutosha tena. Ile mistari ya moja na sifuri haina kazi kwenye UPDI, kwa kuwa chipu haingoji maagizo ya aina ile. UPDI ni mlango wa kuingilia ndani ya ramani yote ya anwani za chipu: unaweza kusoma na kuandika rejista yoyote, kana kwamba wewe ndiye kichakataji. Ukitaka kuandika flashi, unamtafuta mwenyewe msimamizi wa kumbukumbu, ile sehemu ya chipu inayofuta na kuandika flashi, kwenye anwani yake, unampa amri, unangoja amalize. Kila hatua ni juu yako.

Tuukaribie waya huo. Mawasiliano ni ya siriali: biti moja ya kuanza, biti 8 za data, moja ya usawa, mbili za kumaliza, jumla 12. Kila agizo linatanguliwa na baiti 55, ambayo kwa biti ni moja-sifuri-moja-sifuri, na chipu huitumia kupima kasi ya msemaji. Kwa kuwa waya ni mmoja, anayesema na anayejibu wanapokezana juu ya waya huohuo. Uzuri wa jambo hili ni kwamba huhitaji kifaa cha bei. Chukua kigeuzi cha USB kwenda siriali, zile bodi ndogo za CH340 zinazouzwa kwa bei ya sahani ya chakula. Unganisha pini ya kupokea moja kwa moja na waya wa UPDI, na pini ya kutuma kupitia rezista ya kiloohm 1. Basi. Ndicho kifaa.

Lakini sasa kila unachokituma kinarudi kwako, kwa maana pini yako ya kupokea iko juu ya waya uleule. Ni kama mimi hapa studio ninavyojisikia kwenye hedifoni ninapozungumza. Nisipojua kwamba ni sauti yangu, nitadhani mgeni amenijibu. Programu lazima ihesabu baiti ilizotuma, isome idadi hiyohiyo na kuitupa, ndipo ianze kusikiliza jibu la chipu. Ikikosea kwa baiti moja, kila kitu kinachofuata kinasomwa kombo, na utapata saini ya ajabu ambayo haipo kwenye orodha yoyote. Zaidi ya fundi mmoja amelaumu chipu feki kumbe ni mwangwi.

Ukishasikilizana na chipu, unatakiwa kutoa neno la siri. Si siri kwa kweli, limechapishwa kwenye datashiti: NVMProg, herufi saba, na baada yake nafasi moja tupu, ili zitimie baiti 8. Linatumwa kinyumenyume, nafasi ile ikitangulia na N ikiwa ya mwisho. Nafasi hiyo moja tupu, isiyoonekana kwenye karatasi, ukiisahau mlango haufunguki. Ukitaka kufuta chipu yote kuna neno jingine, NVMErase, na hilo lina herufi 8 kamili.

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Unaweza kudhani ukishamaliza kuiandikia ATtiny817, na AVR128DA48 itakuwa kifungu kingine tu cha maandishi: waya ni uleule, neno la siri ni lilelile. Sivyo. Ndani ya kila chipu ya UPDI kuna kipande cha habari cha baiti 16 ambacho unaweza kukisoma hata kabla hujatoa neno la siri. Kinataja jina la familia, na pia toleo la msimamizi wa kumbukumbu, limeandikwa P, nukta mbili, kisha tarakimu. ATtiny817 ni P:0. AVR128DA48 ni P:2. Tarakimu hiyo ndogo inageuza mambo.

Kwenye P:0 kuna kibweta cha muda cha ukubwa wa ukurasa, baiti 64 au 128. Unamwaga data humo kwanza, kisha unatoa amri: futa ukurasa wa flashi na uuandike upya kwa hiki kilichomo. Data mbele, amri nyuma. Kwenye P:2 kibweta hakuna. Unatoa amri kwanza, unamwambia msimamizi kwamba sasa naandika, halafu kila neno unalolituma linaingia moja kwa moja kwenye flashi. Amri mbele, data nyuma. Kufuta nako ni hatua peke yake, na ukurasa unaofutwa ni baiti 512. Anwani nazo zimetoka biti 16 zikawa 24, kwa sababu kilobaiti 128 hazienei kwenye 16. Aliyechukua kodi ya P:0 na kuielekeza kwenye chipu ya P:2 hakuona moto wala moshi. Aliona kazi imekwisha vizuri, kisha uhakiki ukamwambia kwamba baiti ya kwanza kabisa ni FF badala ya ile aliyoitarajia. FF ni flashi tupu.

Halafu ikaja familia ya EA, P:3, kibweta kimerudi, anwani zimebaki 24. Ndiyo maana leo ukiangalia ndani ya AVRDUDE utakuta sehemu tofauti ya kodi kwa kila toleo la P, na zile sehemu zinazohusu waya na mwangwi zimewekwa kando, hazijui chochote kuhusu kurasa. Mpangilio huo haukubuniwa na mtu mezani siku ya kwanza. Umetokana na chipu kuja moja baada ya nyingine na kuvunja kile kilichodhaniwa ni kanuni.

Kuna jambo la kasi pia, na hili huwa linanichekesha. Vigeuzi vingi vya USB vya FTDI vina tabia ya kushikilia data kidogo kabla ya kuikabidhi kompyuta, na muda wake wa kawaida ni milisekunde 16. Kwa mwanadamu si kitu. Lakini chipu ya UPDI huitikia kila neno inalopokea kwa baiti moja ya kukiri, 40. Flashi ya kilobaiti 32 ina maneno 16,384, kila moja la baiti 2. Ukisubiri kukiri kwa kila neno, na kila kukiri kukachelewa milisekunde 16, umesubiri zaidi ya dakika 4 kuandika programu ndogo. Watu wakalalamika kwamba njia ya bei rahisi ni ya polepole. Dawa ilikuwepo kwenye datashiti muda wote: kuna biti ya kuiambia chipu isikiri, ipokee tu kimya, na uhakiki utafanywa mwishoni kwa kusoma yote. Dakika zikageuka sekunde. Datashiti ilibidi isomwe na mtu aliyechoka kusubiri.

Wenye vifaa rasmi vya kiwandani, kama Atmel-ICE, wao hukutana na hali tofauti. Kifaa hicho kina programu yake ya ndani inayojua kuandika flashi, na AVRDUDE hukipa tu maelezo ya chipu: ukurasa ni mkubwa kiasi gani, msimamizi wa kumbukumbu yuko anwani gani. Kwa hiyo familia mpya ikija, sehemu ya kazi imefungwa ndani ya kifaa, na utangoja kampuni itoe programu mpya ya ndani. Kigeuzi cha CH340 hakijui lolote, ni bomba tu, na kwa sababu hiyo ujuzi wote unabaki kwenye kodi ambayo mimi na wewe tunaweza kuisoma. Niongeze kwa haki kwamba Microchip nayo imetoa hadharani programu yake ya lugha ya Python, pymcuprog, ambayo nayo inaonyesha hatua zilezile. Kazi ya SerialUPDI, yaani ile njia ya UPDI kupitia kigeuzi cha siriali, ndani ya AVRDUDE isingekwenda haraka vile bila watu kuwa na mahali pa kulinganisha.

Nimesema kazi kubwa ni kuthibitisha. Familia ya DA peke yake ina chipu zaidi ya kumi: za kilobaiti 32, 64 na 128, zenye pini 28 hadi 64. Hakuna mtu mmoja anayezimiliki zote. Viwanda hutoa mafaili ya maelezo ya kila chipu, yanayosomeka na kompyuta, na vifungu vingi vya avrdude.conf siku hizi vinaweza kukaguliwa dhidi ya mafaili hayo. Hilo linaondoa makosa ya kunakili kwa mkono. Haliondoi makosa ya kiwanda chenyewe, na kila familia ina karatasi yake ya kasoro zilizogunduliwa baada ya chipu kutoka. Mtu anayetuma mchango wake akiwa ameandika kwamba amesoma saini, amefuta, ameandika flashi nzima mpaka baiti ya mwisho, amehakiki, amegusa EEPROM, ile kumbukumbu ndogo ya data, na kubandika kila kilichotokea kwenye skrini, mchango wake una uzito kuliko wa yule aliyetuma kodi nadhifu na neno moja kwamba inafanya kazi. Ile habari ya baiti ya mwisho naitilia mkazo. Majaribio mengi hufanywa kwa programu ya kuwasha na kuzima taa, isiyofika hata kilobaiti 1, na kosa la anwani za biti 24 huenda lisionekane mpaka uvuke kilobaiti 64.

Na hata kodi ikithibitishwa, haijafika kwa mtumiaji. AVRDUDE toleo 6.3 lilitoka mwanzoni mwa 2016. Toleo lililofuata, 6.4, likatoka mwishoni mwa 2021. Ni karibu miaka 6, na ndiyo miaka ileile ambayo UPDI ilikuwa inaingia sokoni. Kazi ilikuwa inafanyika, marekebisho yalikuwa yanapokelewa, ila hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kukusanya yote, kuyafunga na kusema hili ndilo toleo. Arduino ikabeba nakala yake ya 6.3 yenye viraka vyake. Fundi aliyetumia Linux akapata 6.3 tupu kutoka kwenye hazina ya mfumo wake, akaunganisha ATmega4809, akaambiwa chipu haijulikani. Baada ya hapo wakaingia watu wapya wenye nguvu, 7.0 ikatoka 2022 ikiwa na SerialUPDI ndani yake, na matoleo yakaanza kufuatana. Kila ninapomsikia mtu akisifia programu huria kwamba ni ya wote, huwa namuuliza nani hasa atakayebonyeza kitufe cha kutoa toleo.

Kwa fundi wa Luthuli au Kariakoo anayenisikiliza, au mwanafunzi wa DIT, swali huwa ni moja: lazima nijue C? Jibu linategemea tarakimu ile ya P. Chipu yako ikiwa na P ambayo programu tayari inaijua, kilichobaki ni kifungu cha maandishi na majaribio ya kweli. Ikiwa na P mpya, ndiyo, kuna C ya kuandika, na utaanzia kwenye sura ya datashiti inayomhusu msimamizi wa kumbukumbu, ukurasa kwa ukurasa, ukiandika kando kila mahali panapotofautiana na toleo lililotangulia. Vyovyote itakavyokuwa, soma zile baiti 16 kwanza, kisha saini, kisha flashi. Fyuzi ziache mpaka mwisho, na uwe na chipu ya pili ya akiba.

Jaribio ambalo karibu kila mtu hulisahau ni la chipu iliyofungwa. Ifunge kwa makusudi kwa kuandika baiti ya kufuli, zima umeme, washa, jaribu kuisoma. Itakubali kukupa zile baiti 16, na hapo itakomea; neno la NVMProg halitafungua kitu. Kinachobaki ni NVMErase, na hilo likipita kila kilichokuwemo kimefutika, pamoja na programu ya mteja ambayo pengine hana nakala yake. Programu ya kuflashi isijiamulie hilo yenyewe. Isimame, iulize, na jibu la kubonyeza tu kitufe cha kuingiza lihesabiwe kuwa ni hapana.